Askari wa Kukodi Nairobi: KSh 28,000 kwa Mwezi Hununua Nini?

Huduma inayopimwa hapa inauzwa na kampuni za ulinzi kote Nairobi: askari mmoja mwenye sare, rungu na redio, anayekaa getini saa 12 kila zamu, usiku saba kwa wiki. Wanunuzi ni kamati za wakaazi, wenye fleti, shule, maduka ya jumla, makanisa na maghala. Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nayo: kwa bei ya KSh 28,000, huduma hii haifai kununuliwa. Piga hesabu upendavyo, bei hiyo haitoshi kumlipa mtu kile ambacho sheria ya Kenya inakiita mshahara wa chini kabisa. Na ulinzi wa mtu anayepunjwa huharibika kwa njia zinazojulikana mapema.

Bei yenyewe nimeichagua kama mfano wa kazi. Ukiandikiwa 25,000 au 32,000, njia ya hesabu ni ile ile na jibu halibadiliki.

Sheria inataka alipwe ngapi

Amri ya mishahara ninayotumia ni ya 2024, iliyopandisha viwango kwa asilimia 6 kuanzia tarehe 1 Novemba 2024. Askari wamo humo katika mafungu mawili tofauti, na wateja wengi hawalijui hilo. Mlinzi wa mchana amewekwa pamoja na vibarua, wafagiaji, watunza bustani na matarishi. Kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu mshahara wake wa msingi ni KSh 16,113.75. Mlinzi wa usiku ana fungu lake peke yake, na katika miji hiyo hiyo anafika takriban KSh 17,976. Juu ya kila mmoja huongezwa asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba iwapo mwajiri hampi makao, yaani KSh 2,417 kwa wa mchana na KSh 2,696 kwa wa usiku. Kwa hiyo, kabla ya kugusa hata dakika moja ya ziada, wa mchana anastahili KSh 18,531 na wa usiku KSh 20,672.

Viwango hivyo havijadiliwi. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 kinavifanya kuwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, na makubaliano ya kupokea pungufu hayana nguvu hata yakiwa na sahihi na muhuri. Anayevunja anaweza kutozwa faini isiyozidi KSh 50,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 3, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo mno. Kampuni yenye askari 100 inayompunja kila mmoja KSh 5,000 inajiwekea nusu milioni kila mwezi. Faini ya elfu hamsini inalipwa na siku tatu za punjo hilo, na kazi inaendelea.

Kuna pia mtego wa eneo. Amri inaigawa nchi katika ngazi tatu: majiji, kisha zilizokuwa manispaa pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, kisha kwingineko kote. Mlinzi wa mchana anayepata 16,114 jijini anashuka hadi takriban 14,867 katika ngazi ya pili na 8,596 katika ngazi ya tatu. Umbali kati ya lindo la Nairobi na lindo la Mavoko unaweza kuwa dakika kumi za matatu, na bei ya unga ni moja. Kampuni zenye hila humwandikisha askari kwa kiwango cha ngazi ya chini, halafu zikamhamishia lindo la jijini bila kubadilisha karatasi. Mteja wa Nairobi akiona kwenye mkataba wa askari mshahara wa msingi wa elfu nane au tisa, asikubali maelezo yoyote. Kinachohesabiwa ni mahali kazi inapofanyika.

Hila ya pili ni mshahara jumuishi. Askari anaambiwa, "Wewe unapata 18,000, nyumba imo ndani." Sheria ya Ajira inaruhusu marupurupu ya nyumba kuunganishwa na mshahara wa msingi ikiwa mkataba umesema hivyo, lakini jumla lazima ifike pale ambapo viwili hivyo vingefika vikitenganishwa. Kwa mlinzi wa usiku Nairobi ni 20,672. Elfu kumi na nane ni pungufu kwa KSh 2,672 kila mwezi, na bado saa za ziada hazijaguswa.

Saa za ziada ndizo penye ukweli wote

Amri ya mishahara ya huduma za ulinzi ya 1998 inaweka wiki ya kawaida ya askari kuwa saa 52 zilizogawanywa katika siku sita. Zamu ya saa 12 kwa siku sita ni saa 72. Zinazozidi ni 20 kwa wiki, au karibu 87 kwa mwezi, na kila moja hulipwa mara moja na nusu.

Kupata thamani ya saa moja, gawa mshahara wa msingi kwa 225, ambayo ni saa 52 kwa wiki zikigeuzwa kuwa za mwezi. Kwa mlinzi wa usiku, 17,976 ukigawa kwa 225 unapata takriban KSh 79.90. Saa ya ziada ni KSh 119.80. Zidisha kwa saa 86.67 unapata kama KSh 10,386. Sasa jumlisha: 17,976 ya msingi, 2,696 ya nyumba, 10,386 ya ziada. Jumla ni takriban KSh 31,058 kwa mtu mmoja anayefanya kazi usiku sita. Mlinzi wa mchana kwa njia hiyo hiyo anafika KSh 27,841.

Kampuni itajibu kwamba askari ana saa moja ya kupumzika ndani ya zamu, hivyo saa za ziada ni 14 kwa wiki na wala si 20. Hoja hiyo ina uzito pale tu ambapo pumziko ni la kweli: mtu mwingine anasimama getini, naye askari yuko huru kuondoka akale. Katika malindo mengi ya mtu mmoja, chakula huliwa kibandani huku jicho likiwa kwenye geti, na honi ikilia kijiko kinawekwa chini. Hiyo ni saa ya kazi. Hata ukikubali pumziko, jumla ya mlinzi wa usiku inashuka hadi 27,943 tu, na hapo bado bei ya 28,000 imekwisha yote kwa mtu mmoja bila siku ya mapumziko, bila VAT, bila redio.

Siku ya mapumziko ndilo jambo linalofuata. Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi angalau siku moja katika kila saba. Lindo la usiku saba kwa hiyo linahitaji mtu mmoja na sehemu ya sita ya mwingine, yule wa kushikilia zamu. Gharama ya mshahara inapanda hadi KSh 36,235. Je, kumwacha yule yule afanye kazi siku zote saba kunapunguza gharama? Kisheria hapana. Siku ya mapumziko hulipwa maradufu, kwa hiyo saa 52 za ziada kwa mwezi kwa KSh 159.80 ni takriban KSh 8,310, ilhali mshikaji zamu angegharimu KSh 5,176. Ukiona askari mmoja getini kwako usiku saba mfululizo, mwezi baada ya mwezi, hakuna kampuni iliyochagua njia ya gharama kubwa kwa makusudi. Siku hiyo ya saba hailipwi kama inavyotakiwa.

Kutoka mshahara hadi bei ya mteja

Juu ya mshahara, mwajiri huchangia NSSF asilimia 6 na tozo ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5. Ada ya mafunzo ya kazi ya NITA, KSh 50 kwa kichwa, ni ndogo, naiacha. Likizo ya mwaka ni angalau siku 21 za kazi, na kwa kuwa lindo haliendi likizo, lazima mtu mwingine alipwe siku hizo: 21 kati ya siku 313 za kazi ni kama asilimia 6.7. Halafu kuna sare, buti, koti la mvua, redio, mafuta ya pikipiki ya msimamizi, bima ya majeraha kazini, leseni, ofisi na faida. Hapa naweka asilimia 15, ambayo ni ya kubana kwa kampuni inayofanya usimamizi wa kweli. Mwisho VAT asilimia 16.

Zidisha vyote kwa pamoja unapata kipimo kimoja rahisi: jumla ya mishahara ya lindo mara 1.53 ndiyo bei halali kwa mteja. Lindo la usiku la zamu ya saa 12, lenye mishahara ya 36,235, linapaswa kuuzwa kwa takriban KSh 55,400.

Sasa rudi nyuma na ile bei ya 28,000. Igawe kwa 1.53 unabaki na KSh 18,300 za mishahara ya lindo zima. Gawa kwa mtu mmoja na sehemu ya sita, kila askari anapata KSh 15,686, ikiwa ni pamoja na nyumba na saa zote za ziada. Anayestahili 31,058 anapewa nusu yake. Hata kampuni ikiamua kufanya kazi bila faida, bila msimamizi na bila redio, bado haifiki 20,672. Kampuni ndogo ambayo haijasajiliwa kwa VAT inaokoa ile asilimia 16, na hiyo inasogeza mshahara hadi kama KSh 18,200. Bado ni pungufu.

Zamu ya saa 12 si rahisi kama inavyouzwa

Hapa kuna jambo ambalo kila kamati ya wakaazi ingepaswa kulitazama kwa makini. Chukua lindo la saa 24. Kwa zamu mbili za saa 12 zinazolipwa kihalali, mishahara ni 32,481 ya mchana na 36,235 ya usiku, jumla KSh 68,716. Sasa gawanya kazi ile ile kwa watu wanaofanya saa zao 52 tu, bila ziada. Wiki ina saa 168, kwa hiyo unahitaji watu 3.23, nusu ya saa hizo kwa kiwango cha mchana na nusu kwa kiwango cha usiku. Mishahara inakuwa 29,935 na 33,393, jumla KSh 63,328.

Zamu tatu zinagharimu pungufu kwa karibu KSh 5,400 kuliko zamu mbili. Na askari analala, ana siku yake, anakuja kazini macho yakiwa wazi. Sheria imepangwa hivyo kwa makusudi: saa za ziada zimefanywa ghali ili mwajiri aajiri mtu mwingine badala ya kumchosha mmoja. Zamu ya saa 12 inaonekana rahisi sokoni kwa sababu moja tu, kwamba zile saa 20 za wiki hazilipwi. Kampuni yoyote inayokuuzia zamu ya saa 12 kwa bei ya chini kuliko zamu tatu imekwisha kukueleza inavyolipa watu wake.

Zile sehemu za 0.23 za mtu zinawasumbua wasimamizi wadogo, lakini kampuni yenye malindo matano karibu karibu inazikusanya kuwa mtu mmoja anayezunguka. Ndiyo maana lindo moja lililo mbali peke yake huwa ghali zaidi, na hilo ni haki.

Kinachoharibika, na kwa nini

Usingizi ndio lalamiko la kwanza la wateja. Mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, akatembea au akapanda matatu mbili hadi nyumbani, akalala saa nne kwenye chumba cha mabati mchana wa jua, atasinzia saa tisa usiku. Kampuni hujibu kwa saa za kupigia doria: askari anatakiwa kugusa vituo kadhaa kila baada ya saa moja na kifaa kinarekodi. Kifaa hicho ni kizuri kwa eneo kubwa. Kwa fleti yenye geti moja kinathibitisha tu kwamba mtu aliamka kwa dakika mbili.

Lalamiko la pili ni sura mpya kila mwezi. Askari hubaki hadi apate lindo lenye mia tano zaidi. Kila mpya hajui magari ya wakaazi, hajui nani ni fundi wa kweli na nani anajifanya, hajui mlango wa nyuma hujifunga vibaya. Ujuzi wa mahali ndio sehemu kubwa ya ulinzi, kuliko rungu, na haununuliki kwa mafunzo ya wiki mbili. Unatokana na mtu kukaa.

La tatu ni zamu mbili. Mtu wa usiku anaendelea hadi jioni kwa sababu mwenzake hakuja, au kwa sababu wawili hao wamekubaliana kugawana ili kila mmoja afanye kibarua kingine. Kitabu cha matukio kitaonyesha: mwandiko ule ule kuanzia jioni ya Jumatatu hadi jioni ya Jumanne. Kagua kitabu hicho mara moja kwa wiki, bila kutangaza.

Halafu kuna makato. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinataja makato yanayoruhusiwa, na hasara ya mali inakatwa pale tu ambapo mfanyakazi ameisababisha kwa kukusudia, kwa kiasi cha haki. Makato yote kwa pamoja hayawezi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Bado kuna waajiri wanaogawa gharama ya betri ya gari iliyoibwa kwa askari wote wa zamu hiyo, wanaotoza sare mwezi wa kwanza, na wanaotoza faini ya kusinzia. Mteja anayedai fidia ya wizi na kulipwa haraka angefaa kuuliza fedha hizo zimetoka wapi. Mikataba mingi huweka kikomo kidogo cha fidia na sharti la kuripoti ndani ya muda mfupi. Soma ukurasa huo kabla ya kutia sahihi, na andika kwamba fidia haitakatwa kwa askari.

Lawama nyingine ni ya wateja wenyewe. Kampuni inayolipwa siku 60 au 90 baada ya kutuma ankara haina namna ya kulipa mishahara mwisho wa mwezi, isipokuwa ikope. Taasisi za umma zina sifa mbaya hapa. Zinatangaza tenda, zinadai barua ya ofisi ya kazi ya kuthibitisha kwamba mzabuni analipa mshahara wa chini, kisha zinampa mwenye bei ambayo hesabu ya dakika tano ingeonyesha haiwezekani. Barua ipo kwenye faili, mshahara haupo mfukoni.

Agizo la elfu thelathini

Mwanzoni mwa 2024 mamlaka ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi, PSRA, iliagiza askari wa Nairobi alipwe si chini ya KSh 30,000 kwa mwezi: msingi 18,994.08, nyumba 2,849.11, saa za ziada 8,156.81. Waajiri walipinga na jambo likafika mahakamani. Hoja nzito dhidi ya agizo hilo ilikuwa ya mamlaka: kupanga mishahara ni kazi ya waziri wa kazi akishauriwa na mabaraza ya mishahara, na mdhibiti wa sekta hana kalamu hiyo. Hoja ya pili ilikuwa kwamba wateja watavunja mikataba na askari watakosa kazi.

Hoja ya kwanza ni ya wanasheria na ina msingi. Ya pili inastahili kujibiwa kwa nambari. Elfu thelathini ilishangaza watu kana kwamba ni kiwango kipya, ilhali amri za kawaida zilizokuwapo tayari, zikihesabiwa kwa zamu ya saa 12 kama inavyofanyika kweli, zinafika karibu na hapo zenyewe. Kwa viwango vya Novemba 2024 zinapita. Kubishana juu ya 30,000 kuliwaacha wengi wakidhani kwamba agizo likikwama basi 15,000 ni halali. Haikuwa halali kabla ya agizo, na haijawa halali baadaye.

Juu ya kazi kupotea: baadhi ya malindo yatafungwa, ndiyo. Duka dogo linaloweka askari mchana kwa ajili ya kufungulia watu mlango litaacha. Lakini ukibadilisha zamu mbili kuwa tatu, lindo la saa 24 linatoka watu 2.33 hadi 3.23. Naamini mjadala huu ungekuwa na afya zaidi kama waajiri wangeuingia wakiwa na hesabu hii mkononi.

Unachopaswa kudai kabla ya kutia sahihi

Dai jedwali la gharama, mstari kwa mstari: msingi, nyumba, saa za ziada, mshikaji zamu, NSSF, tozo ya nyumba, likizo, sare na vifaa, usimamizi, faida, VAT. Kampuni nzuri huwa nalo tayari. Inayosema bei ni siri ya biashara imekupa jibu. Jedwali hilo liambatanishwe kwenye mkataba, na kuwe na kipengele kwamba amri mpya ya mishahara ikichapishwa bei itapandishwa kwa kiasi kile kile kinachoongezeka kwenye mstari wa mishahara, bila kujadiliana upya. Bila kipengele hicho, nyongeza inayotangazwa Mei Mosi huliwa na saa za ziada zisizolipwa.

Kila baada ya miezi mitatu omba hati za mshahara za askari wa lindo lako na uthibitisho wa michango ya NSSF na ya SHA, yaani bima ya afya. Michango hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo kuomba ya miezi iliyopita hakumwonei mtu. Linganisha majina na walio getini. Mlinzi wa usiku wa zamu ya saa 12 anayelipwa 31,058 anatakiwa kukatwa takriban 1,863 ya NSSF, 854 ya bima ya afya ya SHA, 466 ya tozo ya nyumba na kama 969 ya kodi ya mapato kwa kanuni zilizoanza Desemba 2024, abaki na karibu KSh 26,900. Ikiwa hati inaonyesha jumla nadhifu ya 15,000 au 16,000 bila mistari, imechapwa kwa ajili yako.

Muulize pia askari mwenyewe, mkiwa wawili tu: hulipwa tarehe ngapi, kwa benki au M-Pesa au mkononi, alipumzika lini mara ya mwisho, na nani alimshikia zamu. Usipeleke majibu yake kwa msimamizi kwa jina. Adhabu ya kawaida ni kuhamishiwa lindo la mbali, na nauli ni yake. Zungumza na kampuni kwa kutumia karatasi.

Kwa upande wako, ahidi kwenye mkataba kulipa ankara ndani ya siku 14, na utimize.

Askari anayesoma haya ajue kwamba mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri, kwa hiyo kukosa karatasi hakuui madai. Picha za kitabu cha matukio zenye tarehe na zamu, pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa mshahara, hutosha kuanza katika ofisi ya kazi ya kaunti. Mwenye mshahara usiozidi KSh 80,000 husikilizwa na mahakimu walioteuliwa, si lazima afike Mahakama ya Ajira. Muda wa jumla wa kudai ni miaka 3, lakini madai ya mshahara pungufu huhesabiwa mara nyingi kama jeraha linaloendelea, ambalo hudaiwa ndani ya miezi 12 tangu lilipokoma. Aliyeacha kazi asingoje mwaka upite.

Ukishindwa na bei halali

Wengi watasema 97,000 (ile 63,328 mara 1.53) kwa lindo la saa 24 la zamu tatu haiwezekani. Kwa mtaa wa nyumba 30 ni kama KSh 3,230 kwa nyumba. Kwa fleti yenye nyumba 8 ni zaidi ya 12,000 kila moja, na hapo kweli haiwezekani.

Kuajiri askari wenyewe kunaondoa VAT na faida ya kampuni, lakini kamati inageuka mwajiri kamili: PIN ya KRA, NSSF, SHA, hati za mshahara, likizo, bima ya majeraha, na mtu wa kushikilia zamu. Hapo ndipo yule mzee wa getini wa KSh 10,000 anayelala kibandani siku thelathini anapopatikana. Kumpa kibanda kunaweza kuondoa marupurupu ya nyumba ikiwa ni makao yanayofaa binadamu. Hakuondoi mshahara wa msingi, wala siku ya mapumziko.

Njia yenye heshima ni kupunguza saa. Geti la umeme na kengele za mlangoni zinatosha mchana katika fleti nyingi ndogo. Nunua ulinzi wa saa mbili usiku hadi saa kumi na moja asubuhi: saa 9 kwa usiku saba ni 63 kwa wiki, watu 1.21, mishahara ya KSh 25,045. Zidisha kwa 1.53 unapata takriban KSh 38,300, VAT ikiwa ndani. Hakikisha tu zamu inapoisha saa kumi na moja askari ana mahali pa kungoja matatu ya kwanza, au mkubaliane saa ya kumaliza kulingana na usafiri wa eneo lenu.